Muhuri Ulioinama

Wan Derahim aliikataa chai kwa mara ya tatu, na kwa adabu ileile ya mara mbili za mwanzo.

"Datuk, chai si kosa," alisema Inspekta Rogayah, akimwita kwa cheo chake. "Hata ukiinywa hutakuwa umekiri kitu."

"Nimefunga, mwanangu. Leo Jumatatu."

Mzee alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni ingawa feni ya chumba cha mahojiano ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa Mtunza Muhuri wa Sultani wa Inderasari, cheo alichokishika baba yake, na babu yake kabla ya huyo. Leo saa kumi alasiri Raja Muda, mwana wa Sultani, angeapishwa kukaimu kiti cha baba yake aliye mahututi. Tendo lake la kwanza kama kaimu lingekuwa kumvua mzee huyu kilemba na keris, jambia la cheo, mbele ya baraza zima. Baada ya hapo Wan Derahim angerudishwa rumande kusubiri mahakama. Nyumba aliyokaa na mkewe ilikuwa ya cheo, kwa hiyo nayo ingekwenda.

Rogayah alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, na hakuamini hata kidogo kwamba mzee huyu ndiye mkosaji.

Aliiweka barua mezani, ndani ya mfuko wa ushahidi. Ilikuwa barua ya Sultani kwa mdogo wake, Tengku Laksamana, ikimpa yeye ukaimu badala ya Raja Muda. Ilikuwa imechapwa kwa mashine, wala haikuwa na sahihi. Barua ya Sultani wa Inderasari haitiwi sahihi. Hupigwa muhuri, tena kwa mkono wa Sultani mwenyewe. Mtunza Muhuri hufungua sanduku tu, akaupitisha muhuri juu ya moshi wa taa mpaka ushike masizi, akaushikilia kwenye trei. Tarehe ya barua ilikuwa Jumatano. Daktari alikuwa ameapa kwamba mkono wa kulia wa Sultani ulikufa ganzi Jumanne, na wa kushoto haukuwahi kushika muhuri maishani. Ijumaa Sultani alipoteza fahamu na barua ikaonekana kwenye trei ya ofisi ya baraza. Jumamosi wakamkamata mwenye ufunguo.

"Muhuri huu ni wa kweli, Datuk?"

"Wa kweli."

"Uliupiga wewe?"

"Sina la kusema."

"Ufunguo wa sanduku unakaa wapi?"

"Kiunoni mwangu."

"Na Jumatano?"

"Sina la kusema."

Rogayah alisogeza kiti. "Basi nisaidie jambo moja la ufundi tu. Masizi haya hayakutapakaa hata chembe. Mtu aliyepiga muhuri huu mkono wake ulikuwa umetulia, na alijua kazi. Sasa mbona ameupiga chini pembezoni, tena umelala upande? Baraza wanasema ni haraka ya mwizi. Mwenye haraka angechafua karatasi."

Mzee aliutazama ule muhuri, ua la yungiyungi lenye petali nane, limeegemea ukingo wa karatasi. Aliutazama kwa muda wa kumeza mate, kisha akageukia ukuta.

"Raja Muda ameshaanza kuvishwa?" aliuliza.

"Baada ya adhuhuri."

"Waambie wasikikaze sana kilemba. Humuuma kichwa."

Nje kwenye ukumbi Sajini Kulup alikuwa akimsubiri, faili kwapani, uso umeshaamua. Kulup alikuwa askari mzuri ila alipenda kesi zimalizike kabla ya chakula cha mchana.

"Afande, kikulacho ki nguoni mwako. Ufunguo wake, masizi yake. Tunatafuta nini tena?"

"Sababu."

"Sababu inaitwa Tengku Laksamana. Barua imempa kiti, si mimi."

"Basi twende tukamuone anayefaidika," alisema Rogayah.

Tengku Laksamana walimkuta uani kwake, amevaa kikoi na fulana yenye tundu, akizungumza na tetere. Alikuwa na vizimba zaidi ya thelathini, kila kimoja kimevutwa juu ya mlingoti wake. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na tumbo la mtu asiyemwogopa mkewe. Rogayah aliunganisha viganja na kuviinua hadi kwenye paji la uso, kama alivyofunzwa na mama yake, mgema wa mpira, kwamba heshima haimpunguzii mtu urefu. Kisha akauliza maswali yake bila kuyapunguza.

"Tengku, Jumatano ulikuwa wapi?"

"Kisiwani, kwenye mashindano ya ndege. Huyu hapa alikuwa wa pili. Alidhulumiwa, na walioona ni watu mia tatu. Kaulize yeyote kati yao, wote watakwambia nilivyomtukana mwamuzi."

"Uliporudi ukaambiwa umepewa ukaimu."

"Nikacheka mpaka nikakohoa. Kaka yangu hajawahi kunipa hata baiskeli yake kuukuu, leo anipe jimbo?"

"Hukufurahi?"

"Nilifurahi nusu siku, mimi si malaika. Halafu nikaisoma." Alishusha kizimba kimoja, akabadilisha maji taratibu. "Bibi Inspekta, wewe unatafuta mwenye njaa. Hapo ndipo unapopotea njia. Barua ile haina tamaa. Imenitaja kwa jina langu la utotoni, imeniombea afya, imeniambia nisiache dawa za presha. Mwizi wa kiti hajali presha yangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliyeiandika ananipenda. Na wanaonipenda katika jumba lile wangetosha kwenye baiskeli ile ile niliyonyimwa."

Kulup aliandika kila neno, halafu garini akayafuta yote kwa mdomo mmoja. "Mjanja huyu. Anajifanya mchunga ndege."

"Piga simu kisiwani uhakikishe kuhusu mwamuzi," alisema Rogayah. Kabla hawajafika barabara kuu jibu lilikwishakuja, na mwamuzi bado alikuwa na hasira.

Saa saba kasorobo walikuwa kwenye nyumba ya mbao nyuma ya ukuta wa jumba la Sultani. Mke wa Wan Derahim, Mak Embun, aliwapokea na sinia la maandazi ya viazi vitamu kana kwamba wamekuja kuposa. Kando ya mlango palikuwa na maboksi manne, yamefungwa kamba. Alikuwa ameanza kuhama bila kungoja kufukuzwa.

"Kuleni. Mzee wangu anapewa nini huko kwenu?"

"Amefunga, Mak."

"Bora. Chakula chenu nakijua, mpwa wangu aliwahi kulala kwenu kwa ajili ya jogoo wa kupiganisha."

Rogayah alikula andazi moja zima kabla ya kuuliza. Alikuwa amejifunza kwamba mtu uliyekula chakula chake hakuoni tena kama polisi mtupu.

"Mak, ufunguo wa sanduku hukaa kiunoni mwake siku zote?"

"Hata kitandani. Mwanzoni mwa ndoa ulikuwa unanichoma ubavu."

"Haukai pengine kamwe?"

"Labda Jumatano." Mak Embun alionyesha msumari uliopigwa karibu na dirisha. "Jumatano Raja Muda huja kusoma. Husoma, wakala, na mzee akila chakula cha mchana na mtoto yule lazima alale. Huvua mkanda, hutundika pale. Ni saa moja tu, afande. Na mlango wa chumba cha muhuri ni ule, ng'ambo ya ua."

"Wiki iliyopita Raja Muda alikuja?"

"Asije? Baba yake mgonjwa, angekaa na nani? Alikula kidogo tu. Mzee akalala, mimi nikaenda kuanua nguo."

Kulup aliacha kutafuna. Rogayah hakumtazama.

"Anasoma nini, Mak? Ni mtu mzima wa miaka ishirini na miwili."

"Barua za kizamani. Amekuja tangu ana miaka saba, na siku hizi huja kwa mapenzi tu. Nani tena anayeandika zile? Huko ofisini wanachapa kwa mashine, wanagonga muhuri popote penye nafasi. Mzee wangu husema akifa yeye, mila hiyo ataijua mtoto yule peke yake." Alifungua boksi moja, akatoa bahasha nene. "Tazama, alikuwa anagonga kwa muhuri wa kuchonga kwenye mti. Samaki mkunje angali mbichi."

Rogayah alizitandaza zile karatasi sakafuni. Zilikuwa barua za mtoto, maandishi makubwa yenye kuyumba. Kwa dada yangu mdogo. Hapo muhuri ulikuwa juu kabisa, kichwani mwa barua, umesimama wima. Kwa binamu yangu. Muhuri ulikuwa ubavuni, sawa na mstari wa kwanza. Kwa Baba. Kwa Nyanya. Kwa Ami Laksamana. Katika hizo muhuri ulikuwa chini kabisa, pembezoni, na ua lake limelala upande.

"Huu umepinda kwa bahati mbaya?" aliuliza, ingawa moyo wake ulikwishajua.

"Bahati mbaya!" Mak Embun alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hiyo alipigwa fimbo mpaka aijue. Ukimwandikia mkubwa wako, muhuri unakaa miguuni pake na unainama. Ukimwandikia mdogo wako, unakaa juu na unasimama. Sultani akimwandikia mdogo wake angeuweka pale juu, wima kama mlingoti."

Aliposema hivyo alisikia alichosema. Mkono wake ulibaki juu ya karatasi, na kicheko kikamwisha usoni.

"Afande," alisema polepole, "hizi karatasi nilikuwa nataka kuzichoma."

"Hutazichoma, Mak. Samahani."

Garini Kulup alilifungua faili, akalifunga tena. "Sijaelewa kitu kimoja," alisema hatimaye. "Kijana anaghushi barua ya kujinyang'anya kiti chake mwenyewe?"

"Ndiyo maana hakuna aliyemtazama. Wote tulimtafuta anayepata."

"Na akili yote ile, karatasi sawa, lugha sawa, halafu anakosea muhuri?"

"Hakukosea. Aliandika kwa jina la baba yake, lakini mkono ulikuwa wake. Mkono ulikuwa unamwandikia ami yake, na haukuweza kumkalia kichwani."

Saa nane alikuwa tena mbele ya Wan Derahim. Hakumpa chai. Alimwekea mezani karatasi moja ya mtoto, ile ya Ami Laksamana, kando ya barua ya ushahidi.

Mzee alizitazama, akazipanga zilingane kingo.

"Ulijua tangu Ijumaa," alisema Rogayah.

"Nani atakwambia kwamba mila hii ipo?" Sauti ya mzee ilikuwa ya upole kabisa. "Baraza hawaijui. Vitabu havina. Shahidi wako ni mimi. Nikiulizwa mahakamani nitaapa kwamba mtoto alikuwa anacheza na muhuri wa mti, na kwamba barua nimeighushi mimi."

"Utaapa uongo, nawe umefunga?"

"Kafara ni siku tatu. Nitafunga sitini."

"Na Mak Embun? Ameshafunga maboksi."

Hapo mzee aliyumba kidogo, kisha akakaza mgongo. "Embun aliolewa na cheo, anajua uzito wake. Miaka mia mbili nyumba yangu imekula chumvi ya nyumba ile. Mimi nikivuliwa kilemba, anaaibika mzee mmoja. Yule akitajwa, wanaaibika wote, na baba yake yuko kitandani hawezi hata kumkemea. Niache, mwanangu. Kazi yako umeifanya vizuri."

"Bado sijaifanya," alisema Rogayah. Alisimama akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa kwa mzee huyu kwa sababu alikuwa amempenda.

Chumba cha kuvishia kilikuwa na watu watano na harufu ya kafuri. Raja Muda, Tengku Shahrin, alisimama katikati juu ya mkeka, amevaa hariri ya njano kuanzia shingoni hadi vifundoni, mikono wazi kama anayepimwa suti. Fundi wa vilemba alikuwa akizungusha kitambaa kichwani mwake. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Rogayah aliinua viganja. "Tengku, naomba dakika kumi. Peke yetu."

"Afande, hatuna dakika kumi," alisema fundi.

"Na wasikikaze sana kilemba," Rogayah aliendelea, akimtazama Raja Muda tu. "Wan Derahim amenituma nikwambie. Anasema kinakuuma kichwa."

Kijana alifumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Tokeni nyote."

Walipotoka hakuketi. Nguo ile ilikuwa haikunjiki vizuri. Rogayah hakuzunguka. Alimwambia kuhusu msumari karibu na dirisha, saa moja ya usingizi wa mzee, na ua lililoinama.

"Ningeweza kukwambia huna ushahidi," alisema Raja Muda.

"Ungeweza, na ungekuwa mkweli. Mzee ameniahidi kuapa dhidi yangu."

"Ameahidi... Hajakasirika?"

"Sijamsikia akikasirika. Amekunyamazia siku tatu. Kwa nini ulifanya, Tengku?"

Raja Muda alitazama mikono yake. "Baba alipougua waliniletea mafaili, eti nianze kuzoea. Faili la tatu lilikuwa la mtu aliyehukumiwa kunyongwa, anaomba msamaha. Ana watoto. Wakaniambia, Tengku akishaapishwa ataamua. Ami yangu amezika wazazi, amezika mtoto, anajua kifo ni nini. Mimi nimewahi kuzika paka." Alivuta pumzi. "Nikafikiri, Ami akishika mwaka mmoja, miwili, hakuna atakayeumia. Sikujua kuhusu mkono wa Baba. Mimi mwanawe, hawakuniambia. Ningejua nisingeandika Jumatano."

"Na walipomkamata Wan Derahim?"

"Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda kusema."

"Leo pia?"

Aligusa ncha ya kilemba iliyoning'inia. Kutoka barazani zilisikika ngoma za jumba zikijaribiwa, pigo moja, kimya, pigo jingine.

"Mimi si mtu wa jumba," alisema Rogayah. "Sijui raja anatakiwa aweje. Ila najua kitakachotokea saa kumi. Wataleta trei. Mzee atapiga magoti, na wewe utanyoosha mkono uliofunzwa na yeye, utamvua kilemba. Hatakutazama, ili usione aibu. Halafu utaishi miaka mingi."

"Nikisema, nitapoteza kiti."

"Huenda. Si ndicho ulichotaka?"

"Nilitaka kukitoa," alisema kijana, "siyo kunyang'anywa mbele ya mama yangu." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa hariri bila kujali doa. Rogayah alimwonea huruma, na hakuondoka mlangoni.

"Gari langu liko upande wa jikoni. Hati ya maelezo lazima iandikwe kituoni kabla ya saa kumi, nipate kuipeleka barazani. Sitakushika mkono. Utatembea mwenyewe, au utabaki."

Walipoingia kituoni askari wa zamu alisimama mpaka kiti chake kikaanguka. Haijapata kutokea mtu aliyevaa njano ya jumba kupita ukumbi ule wenye ukuta wa alama za viatu. Wan Derahim alikuwa ameketi kwenye benchi, pingu mikononi, akisubiri kupelekwa barazani. Alimwona mwanafunzi wake, akainuka ghafla kwa hasira ambayo Rogayah hakuwahi kuidhania.

"Nani amemruhusu kuingia hapa? Afande! Mtoe! Nimesema ni mimi, andikeni ni mimi!"

"Tok," alisema Raja Muda, yaani babu, jina alilomwita tangu ana miaka saba. "Tok, kaa chini. Umefunga, utaanguka."

"Usiseme neno! Nakukataza!"

"Nimekusikia, Tok. Leo sikutii."

Mzee alirudi kwenye benchi. Kulup, bila kuamriwa, alimfungua pingu.

Rogayah alikaa, akavuta fomu ya maelezo, akaandika tarehe na saa. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na saba.

"Jina kamili?"

"Shahrin bin Tengku Azlisham."

"Miaka?"

"Ishirini na miwili."

"Kazi?"

Kijana alitazama ile nafasi tupu kwenye fomu. Hariri ilikuwa imelowa jasho mgongoni, na kilemba alikwishakivua, kiko mapajani mwake.

"Sina," alisema. "Acha wazi. Baada ya leo sina."

"Andika Raja Muda," ilisema sauti kutoka kwenye benchi.

Rogayah aligeuka. Wan Derahim alikuwa amekaa wima, macho mekundu, viganja viwili vimetulia juu ya magoti.

"Andika Raja Muda wa Inderasari, afande," alisema. "Leo ndiyo ameianza kazi."